Scratch, App Inventor, Thonny au Pydroid 3: uanze na ipi kujifunza kuandika programu?

Uliza kwenye kundi lolote la WhatsApp la watu wa teknolojia uanze na zana gani, na mabishano yatachukua siku nzima. Mmoja atasema Python, ile lugha ya kuandikia programu, basi. Mwingine atadai kuburuta vipande vya rangi ni mambo ya watoto. Wa tatu atakutumia kiungo cha kihariri (programu ya kuandikia msimbo) anachotumia yeye kazini, chenye menyu ambazo hutazigusa mwaka mzima. Kila mmoja anajibu kwa hali yake: kompyuta aliyonayo, Kiingereza anachokijua, na miaka aliyokwisha kuitumia.

Mimi nina msimamo mmoja kuhusu jambo hili, na ndio ulioongoza ulinganisho huu. Zana ya mtu anayeanza haipimwi programu inapokubali. Ikikubali, zana zote ni nzuri. Ipime pale inapokataa, au inapokubali na kukupa jibu la ajabu, huku huna wa kumuuliza. Zana moja itakaa kimya, nyingine itakurushia aya nzima ya Kiingereza, na nyingine itakuonyesha kidole penye tatizo.

Vigezo vinne na jaribio moja

Kigezo cha kwanza ni kifaa na bando. Zana inayotaka intaneti muda wote ni kitu kimoja kwa mtu wa ofisini na kitu kingine kwa anayenunua bando la siku. Cha pili, ambacho mimi nakipa uzito kuliko vingine, ni yanayotokea ukikosea. Cha tatu ni lugha: Kiingereza kiasi gani kinahitajika kabla hujaanza kuelewa programu yenyewe? Cha nne ni inakokufikisha, yaani ukishaimudu zana hiyo unaweza kutengeneza nini, na unahamia wapi bila kuanza upya.

Bei sikuiweka. Zote nne unaanza nazo bure, ingawa Pydroid 3 huonyesha matangazo na ina vipengele vya kulipia.

Ili tusizungumze hewani, zote nne tunazipa kazi moja ndogo: programu ya muuza mchele. Inauliza bei ya kilo, inauliza kilo ngapi, inatoa jumla. Kisha tunaikosea makusudi. Mara tunaandika "elfu mbili" kwa maneno badala ya 2000, mara tunasahau kuiambia kompyuta kwamba kilichoandikwa ni namba. Makosa haya humpata karibu kila anayeanza, kwa hiyo ni vizuri kujua zana itakufanyia nini siku yatakapokupata.

Scratch

Scratch ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika MIT Media Lab, maabara ya chuo cha MIT, Marekani. Toleo la 3 lilitoka Januari 2019. Imelengwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Badala ya kuandika, unaburuta vipande vya rangi na kuvipachika: bluu ni mwendo, njano ni matukio, kijani ni hesabu, na kadhalika. Ukibonyeza bendera ya kijani, kazi inaanza.

Kifaa na bando. Inafanya kazi kwenye kivinjari, lakini ipo pia ya kusakinisha kwenye Windows, macOS, ChromeOS na vishikwambi vya Android. Ukishaisakinisha, intaneti huihitaji tena. Kazi inahifadhiwa kama faili la .sb3 unaloweza kulibeba kwenye flashi hadi shuleni. Kwenye simu ya kawaida sahau: unaweza kutazama kazi za wengine, lakini kutengeneza yako hapana. Walimu wa Tanzania waliogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 wana kifaa ambacho kinafaa kujaribiwa kwa kazi hii, na ni kikubwa kuliko simu ya mtu yeyote darasani.

Ukikosea. Vipande vina maumbo. Kile cha ndiyo-au-hapana kina ncha, cha thamani ni cha mviringo, na kisichoingia mahali hakiingii. Kwa hiyo makosa ya tahajia, mabano yaliyosahauliwa na nukta mbili zilizokosekana hayapo kabisa. Sasa jaribio letu. Ukiandika 2000 na 3, unapata 6000, kwani Scratch yenyewe inatambua kwamba hizo ni namba. Ukiandika "elfu mbili", inatoa 0. Haikuulizi wala haikuonyi. Inayachukulia maneno kama sifuri na kuendelea na safari.

Upole huu una faida na hasara. Mtoto hakatishwi tamaa na maandishi mekundu, lakini pia haambiwi kwamba kuna tatizo. Anachopaswa kufundishwa mapema ni kutazama ndani: weka tiki pembeni ya kigeu (jina linalobeba thamani, kama bei) ili thamani yake ionekane jukwaani, au bonyeza kipande cha hesabu peke yake uone kinatoa nini. Mwalimu asiyeonyesha hayo anawaacha wanafunzi wakibahatisha.

Lugha. Hapa Scratch inazipita zile tatu. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake, na ukikichagua vipande vinabadilika. Kwa mwanafunzi wa darasa la nne katika shule inayofundisha kwa Kiswahili hii si nakshi. Akili yake inabaki kwenye swali la "kwa nini paka wa Scratch anarudia mara kumi" badala ya kugawanyika kati ya hilo na maana ya maneno ya kigeni.

Inakokufikisha. Kurudia, masharti, vigeu, matukio, kutuma ujumbe kutoka mhusika mmoja kwenda mwingine: hayo yote utayakuta tena katika lugha yoyote. Programu ya kuweka kwenye simu ya mteja hutaipata hapa, na mchezo ukishakuwa mkubwa skrini inajaa vipande hadi unatafuta ulipoanzia.

Inamfaa nani. Watoto, walimu wa msingi, wazazi wanaotaka kukaa na mtoto mezani. Na watu wazima pia, kama hawaoni aibu. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard huanza na Scratch kabla ya kuingia kwenye lugha ya C, na wanaosoma pale si watoto.

App Inventor

Hii ilianzia Google mwaka 2010, Hal Abelson akiwa miongoni mwa waasisi wake, kisha ikahamia MIT. Nayo ni ya vipande, ila unachotoka nacho ni programu ya simu. Ina kurasa mbili. Kwenye moja unapanga vitufe, visanduku vya maandishi na picha. Kwenye nyingine unapachika vipande vinavyoeleza kitufe kikibonyezwa kifanye nini.

Kifaa na bando. Kigezo hiki ndicho kinachoiumiza. Unahitaji kompyuta yenye kivinjari na intaneti muda wote, maana kazi yako inakaa kwenye seva, yaani kompyuta yao ya mbali. Ili uione ikiishi, unasakinisha kwenye simu programu iitwayo MIT AI2 Companion, unaskani msimbo wa QR, na simu inaonyesha unachokijenga papo hapo. Kwa kawaida simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja. Waya wa USB unawezekana, na ipo pia simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, ingawa kuviandaa hivyo viwili kunataka uvumilivu. Intaneti ikikatika katikati ya kipindi, darasa limesimama. Njia ya kuingia bila akaunti ipo: unapewa msimbo wa kukurudisha kwenye kazi yako. Uandike kwenye daftari, na kila ukimaliza pakua nakala ya kazi, faili la .aia.

Ukikosea. Iko kati ya upole wa Scratch na ukali wa Python. Andika 2000 kwenye kisanduku, inajua ni namba. Andika "elfu mbili", au acha kisanduku kitupu na ubonyeze kitufe, na simu inatoa dirisha la kosa likisema kuzidisha hakukubali vitu ulivyoipa, na linakutajia vitu hivyo. Hilo la kisanduku kitupu ni somo zuri sana, kwa sababu wateja halisi ndivyo wanavyofanya: wanabonyeza kitufe kabla ya kujaza. Kwenye ukurasa wa vipande kuna kihesabu cha maonyo na makosa pale chini, na ukibonyeza kipande kwa kitufe cha kulia cha kipanya utaona chaguo la "Do It", linaloonyesha kipande hicho kinatoa thamani gani wakati huohuo simuni. Wengi huligundua wamechelewa.

Lugha. Mafunzo yake mengi yako kwa Kiingereza, na majina ya vijenzi yanakuja kama Button1, TextBox1. Yabadilishe mara moja: kitufe_hesabu, kisanduku_bei. Programu yenye Button1 hadi Button9 haisomeki hata na aliyeitengeneza.

Inakokufikisha. Unatoka na faili la APK, yaani la kusakinisha programu kwenye Android, ambalo unaweza kumtumia shangazi yako mwenye duka, akalisakinisha na kulitumia jioni hiyohiyo, baada ya simu yake kumwonya kuhusu vyanzo visivyojulikana. Ukitaka kuiweka Google Play, kufungua akaunti ya msanidi ni dola 25 za Marekani, unalipa mara moja. Kikomo chake ni ukubwa. Programu yenye kurasa nyingi inageuka msitu wa vipande, na ukiamua kuhamia kwenye lugha za kuandika kama Kotlin, unabeba fikra lakini kazi yenyewe unaianza upya.

Inamfaa nani. Mwanafunzi wa sekondari au chuo mwenye wazo linaloeleweka na intaneti ya uhakika. Pia mjasiriamali anayetaka kuonyesha sampuli kabla ya kumlipa mtaalamu.

Thonny

Thonny ilianzia Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa mikono ya Aivar Annamaa, na imejengwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: anayeanza Python. Ukiifungua unaona pa kuandikia juu, pa matokeo chini, na vitufe vichache.

Kifaa na bando. Inataka kompyuta, ila si lazima iwe nzuri. Faili la kusakinisha ni MB 20 hivi, na Python imo ndani yake, kwa hiyo ule usumbufu wa kusakinisha vitu viwili na kuviunganisha haupo. Katika toleo la 4 kuna hata faili maalumu lenye Python 3.8 kwa ajili ya zile kompyuta za Windows 7 ambazo bado zinahudumia maabara nyingi za shule. Ukishaisakinisha, zima data kabisa.

Ukikosea. Nitakaa hapa kidogo, maana ndiyo sababu ya Thonny kuwapo. Hii ndiyo programu yetu ya mchele:

bei = input("Bei ya kilo: ")
kilo = int(input("Kilo ngapi: "))
print("Jumla:", bei * kilo)

Muuzaji anaandika 2000, kisha 3. Anategemea 6000. Inatoka:

Jumla: 200020002000

Hakuna kosa lililotangazwa. Python imefanya ilichoambiwa. Kinachotoka kwenye input siku zote ni maandishi, hata yakiwa na tarakimu tupu, na maandishi yakizidishwa kwa 3 yanarudiwa mara tatu. Mpe mtu mpya tatizo hili kwenye kihariri cha kawaida, atakodolea macho mstari wa tatu hadi jioni, wakati ugonjwa uko mstari wa kwanza.

Kwenye Thonny, fungua menyu ya View, chagua Variables, uendeshe tena. Pembeni linatokea jedwali: kilo ni 3, bei ni '2000'. Zile alama mbili ndogo za kunukuu ndizo jibu lote. Moja ni namba, nyingine ni maandishi, na jicho linaliona hilo kabla hujasoma maelezo yoyote. Ukitaka kwenda ndani zaidi, bonyeza Ctrl na F5 badala ya F5 tupu inayoendesha programu, kisha F7 polepole, hatua kwa hatua. Thonny inauweka wino wa rangi kwenye kipande inachokihesabu, inafungua kijisanduku, neno bei linabadilika kuwa '2000', neno kilo linakuwa 3, halafu vyote viwili vinamezwa na jibu lao. Unaiona hesabu ikifanyika kutoka ndani kwenda nje, kama mtu anavyoifanya ubaoni. Hilo ndilo jambo ambalo vihariri vikubwa havifanyi kwa uwazi huu, hata vile vyenye sifa nyingi.

Ukisahau int, amri inayogeuza maandishi kuwa namba, kote kuwili, Python inakataa kwa TypeError na kukutajia mstari. Ukiweka int kwenye bei na mteja akaandika "elfu mbili", inakuja ValueError ikilalamika kwamba maneno hayo hayawezi kuwa namba. Dirisha la Assistant linajaribu kulieleza kosa kwa lugha nyepesi zaidi, ingawa nayo ni ya Kiingereza. Nukuu au bano usilofunga linatiwa rangi hata kabla hujaendesha.

Walio chuoni na wanaosoma C, C++, Java au JavaScript, Thonny haiwahusu, lakini kwenye kivinjari kuna Python Tutor ya Philip Guo. Jina lisikudanganye, inapitisha lugha hizo pia hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba inahitaji intaneti.

Lugha. Python ina maneno 35 iliyojitengea, yote ya Kiingereza, na ujumbe wa makosa ni wa Kiingereza vilevile. Yanayobaki ni yako. Vigeu viitwe bei, kilo, jumla, mteja. Kuna walimu wanaolazimisha price na total eti ndiyo weledi. Kwa mtu wa wiki ya kwanza naona wanamwongezea mzigo bure, tena majina ya Kiswahili yanamsaidia kutenganisha maneno ya Python na maneno aliyoyabuni mwenyewe. Ujumbe wa kosa usomwe kuanzia mstari wa mwisho, ambao hutaja aina ya kosa, kisha upande juu kutafuta namba ya mstari.

Inakokufikisha. Python unayoandika hapa ni ileile inayotumika kwenye takwimu, tovuti na utafiti. Kazi ikikua, ikawa na mafaili mengi na watu kadhaa, utahamia vihariri vikubwa kama VS Code au PyCharm, na mafaili yako utahama nayo yalivyo. Wanaopenda vifaa vya elektroniki, Thonny inaandika moja kwa moja kwenye vibao vidogo kama Raspberry Pi Pico na micro:bit.

Inamfaa nani. Kijana wa sekondari na kuendelea, mtu mzima anayejifunza peke yake, na mwalimu mwenye maabara ya kompyuta zilizochoka.

Pydroid 3

Hii ni Python kamili ndani ya simu ya Android. Wengine wataibeza. Lakini wapo watu wengi ambao simu ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo, na ushauri wa "tafuta kompyuta kwanza" kwao ni sawa na kuambiwa wasijifunze.

Kifaa na bando. Ukishaipakua inaendesha Python bila mtandao. Juu ya kibodi inakuwekea safu ya alama za ziada, mabano na nukta mbili, ambazo kwenye kibodi ya kawaida zimefichwa kurasa mbili ndani. Skrini ndiyo mateso. Kibodi ikifunguka, unabaki na mistari michache ya kuona. Kama unaweza kupata waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, na kibodi ya zamani ya kompyuta, kazi inakuwa nyepesi kuliko unavyodhani.

Ukikosea. Unapata ujumbe wa Python kama ulivyo, kwenye skrini nyeusi. Jibu letu la 200020002000 litatoka vilevile, ila kulitazama kwa ndani kwenye skrini hiyo ndogo ni kazi. Njia rahisi ni kuuliza mwenyewe: ongeza mstari wa print(type(bei)), na ukijibiwa str ujue una maandishi mkononi, ukijibiwa int una namba. Kuna pia makosa ambayo simu ndiyo inayaleta. Kibodi ikianza mstari kwa herufi kubwa unaandika Print, na Python haimjui huyo. Ukinakili kutoka kwenye hati ya Word, alama za kunukuu zinakuja zimepinda na zinakataliwa. Ukinakili kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp, nyota na mistari ya chini inaweza kugeuzwa kuwa herufi nene au za mlalo. Kwa hiyo mkitumiana kazi, mtumiane faili la .py lenyewe.

Lugha. Hapa hakuna tofauti na Thonny, isipokuwa hakuna dirisha la pembeni linalojaribu kukueleza.

Inakokufikisha. Unajifunza Python ileile, na maktaba za ziada, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine, zinasakinishwa. Mistari kumi hadi hamsini inaandikika vizuri. Ikifika mia tatu, kidole kitachoka kabla ya akili. Ukipata kompyuta, unahamisha mafaili na kuendelea palepale.

Inamfaa nani. Asiye na kompyuta, na mwenye kompyuta anayetaka kufanya zoezi dogo kwenye daladala.

Akili mnemba je?

Swali hili haliepukiki sasa. Ukiibandikia ChatGPT ile programu ya mchele itakurudishia iliyosahihishwa mara moja, na unaweza kuiuliza kwa Kiswahili. Ninachopendekeza ni mpangilio: kwanza tazama kigeu kina nini, kisha soma mstari wa mwisho wa kosa, ndipo uulize, na uulize "kwa nini jibu ni 200020002000" badala ya "nirekebishie". Ukiuliza hivyo unafundishwa. Ukiuliza vile unahudumiwa, na kesho utarudi na kosa lilelile.

Kwa hali yako

Mtoto yuko chini ya miaka 12, na kuna kompyuta au kishikwambi: Scratch, kwa Kiswahili, na ukae naye mara za mwanzo. Akiwa na miaka 5 hadi 7 ipo ScratchJr, isiyohitaji kusoma. Ikiwa shule ina intaneti na mwalimu anataka watoto waanze kuandika kwa herufi, aitazame pia Hedy, iliyoanzishwa na Felienne Hermans wa Uholanzi mwaka 2020. Inampandisha mwanafunzi ngazi kwa ngazi hadi kwenye Python, na amri zake zimeundwa ziweze kuandikwa kwa lugha mbalimbali. Sikuilinganisha na hizi nne kwa sababu ni ya darasani zaidi kuliko ya mtu aliye peke yake.

Wewe ni mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta kumi za zamani na wanafunzi arobaini: sakinisha Thonny kwenye zote kwa flashi moja, wakae wanne wanne, na mmoja abonyeze F7 huku wenzake wakibashiri kijisanduku kitaonyesha nini kabla hakijaonyesha. Mabishano ya hapo yana mafunzo kuliko kuandika kwenyewe. Kama shule ina intaneti isiyokatika na wanafunzi wamechoka na maandishi, muhula wa pili wape App Inventor.

Una duka au kikundi cha vikoba, unataka kitu kinachofanya kazi kwenye simu za wanachama, na kuwa mwanaprogramu si ndoto yako: App Inventor, na usijilaumu kwa kutojua Python.

Unataka kazi ya takwimu au utengenezaji wa mifumo, na una kompyuta yoyote: Thonny kwa miezi ya mwanzo, halafu uhame. Dalili ya kuhama ni pale unapoanza kukerwa na vitu ambavyo Thonny haina, kama kufanya kazi na mafaili mengi kwa pamoja. Kabla ya hapo, kihariri kikubwa kitakupotezea muda kwenye mipangilio.

Una simu tu: Pydroid 3, mazoezi mafupi, na kila faili lipewe jina linaloeleweka na nakala ihifadhiwe nje ya simu, kwenye Google Drive au barua pepe yako mwenyewe. Siku moja moja ukipata kompyuta ya maktaba au ya rafiki, fungua faili lililokushinda ndani ya Thonny na ulipitishe kwa F7, kisha urudi nalo kwenye simu.